Jamvi la Wasafiri

Alikuwa akitazama miguu kwanza. Watu wengine humtazama mtu usoni, au mavazi, hasa sisi mafundi cherehani; lakini yeye, mtu akiingia mkahawani kwake, macho yalishuka moja kwa moja hadi kwenye vidole vya miguu, yakakaa hapo, kisha yakapanda polepole mpaka tumboni. Usoni yalifika mwisho, kama yalifika. Cherehani yangu ilikaa barazani kwake pale Kibiti miaka mingi, enzi za Mwingereza, na sina hakika kama aliijua vizuri sura yangu. Kandambili zangu alizijua.

Sote tulimwita Mpishi. Jina lake alikuwa nalo, na nduguze wanalijua, lakini mimi nikilitamka naona kama ninamzungumzia mtu mwingine. Mtu huyu alilitoa jina lake zuri mbele za watu ili langu lisalimike, na nilipokwenda kusema kweli sikusadikiwa. Nitafika huko. Kwanza ni lazima nieleze alivyotulisha, maana asiyejua alivyokuwa akilisha watu hawezi kujua alichopoteza.

Mkahawa ulikuwa banda la udongo lililoezekwa makuti, kando ya barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Bungu kwenda kuvuka mto na kuendelea hadi Kilwa. Ndani mlikuwa na mabenchi, na mojawapo lilikuwa na mguu mfupi. Kila mwenyeji alilijua, na kila mgeni alilikalia. Lilitulia vizuri mradi mmekaa wawili; mwenzako akiinuka bila kusema neno, wewe na bakuli lako la mchuzi mlikwenda chini. Nimeshona suruali nyingi zilizoharibika kwenye benchi lile, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulilaani, lakini siku moja nilimwuliza kwa nini asilichongee mguu.

"Nikilitengeneza," alisema, "watu wataacha kuagana."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kila kero ya mkahawa wake ilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuudhi kuliko kero yenyewe. Chai yake ilinuka moshi, akasema moshi ndio unaomjulisha mtu kwamba maji yamechemka kweli. Pilipili aliiweka mbali na meza, juu ya kabati, ili anayeitaka ainuke, na akiinuka amuage mwenzake. Ukiomba ndimu ya kukamulia samaki, alikujibu bila kugeuka, upawa mkononi: "Kula kwanza. Manung'uniko hayapoi." Na kweli, mchuzi ulikuwa unapoa, nawe ukala, na ukishamaliza ukasahau ulichotaka kumlalamikia. Ila mimi sikusahau. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Nilikuwa nikila huku nikiwaza ndimu.

Kijiko kilikuwa kimoja tu. Kilinunuliwa siku Bwana Shauri, afisa wa Kiingereza wa wilaya, alipoharibikiwa na gari akienda Utete, akaingia akiwa na njaa, akaomba kijiko. Mpishi alituma mtu mbio dukani kwa Mhindi. Bwana Shauri akala wali wake, akasema "mzuri," akaenda zake, na kijiko kikatundikwa ukutani kwenye msumari. Tangu hapo kila dereva aliyetaka kuonekana mkubwa alikiomba. Mpishi hakumnyima mtu, lakini mwenye kijiko alipata kipande cha mkia wa samaki, chenye miiba mingi kuliko nyama. Nilimwuliza juu ya hilo pia. Akasema, "Yule hakuja kula, fundi. Amekuja kutazamwa."

Usidhani kwamba watu walikuja kwake kwa sababu ya kukosa pengine. Chakula chake kilikuwa kitamu, na utamu ule naweza kuuonja hata sasa. Wali wa mpunga mpya wa bondeni, uliopikwa kwa tui zito, ukifunikwa kawa mpaka mvuke urudi wenyewe. Kambale wa kukaushwa kwa moshi, ameloweshwa, akapikwa kwa nazi na bilinganya. Kamba wadogo walioletwa na wakata boriti kutoka visiwani, wenye harufu ya chumvi na mikoko. Lakini juu ya hayo yote kulikuwa na ukoko. Ule wali ulioshika chini ya sufuria, wa rangi ya kahawia, unaovunjika mdomoni na kutoa mafuta ya nazi, hakuuza. Aliutoa kwa aliyemtaka, siku aliyotaka, kwa sababu anayoijua mwenyewe. Kuanzia jua linapokaa utosini moyo wangu ulikuwa juu: leo nani? Nilimwona akikwangua, nikajifanya ninatia uzi kwenye sindano, na mara nyingine ukoko ulinipita ukaenda kwa mkata boriti ambaye hata asante hakusema. Mchana wangu wote uliharibika. Na siku ulipowekwa kwenye ukingo wa mashine yangu, juu ya jani la mgomba, bila neno, nilishona mpaka jioni nikiimba.

Palikuwa na jambo la malori. Abiria wa malori hula kwa hofu, na hofu hiyo naijua kuliko mtu yeyote. Wali unafuka moshi, mchuzi unaunguza ulimi, nje honi inalia, nawe huna hakika kama ni lori lako au la mwingine. Unakula na jicho moja mlangoni. Nimeona mtu akitoka mbio na tonge mkononi akidandia gari linalokwenda alikotoka. Mpishi aliwatazama abiria wakihangaika hivyo, wala hakuwaambia neno. Kumbe alikuwa na desturi yake: dereva alimpakulia mwisho. Dereva alipiga meza, akasema yeye ni mtu wa kazi, ngojangoja huumiza matumbo. Mpishi alimjibu kwamba chake kinapikwa peke yake kwa heshima yake. Heshima hiyo ilimfunga dereva pale hadi abiria wa mwisho alipolamba vidole. Honi ilikuwa ya bure, ikipigwa na taniboi, msaidizi wa dereva, aliyekwisha shiba.

"Basi waambie," nilimsihi. "Waambie dereva bado hajala, wale kwa raha."

"Asiye na haraka," alisema, "ataanza kunung'unikia chumvi."

Mtu wa namna hii ungemwita mkorofi, na wengi walimwita hivyo. Lakini sijapata kumwona mtu akipanda lori na njaa kutoka mlangoni kwake. Alikuwa na ukali wa mama anayekupa dawa.

Na yeye mwenyewe hakuna aliyemwona akila. Hili lilizungumzwa sana. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mishipa ya shingo ilionekana. Alionja mchuzi kwa kudondosha tone moja kiganjani na kuligusa kwa ncha ya ulimi, basi. Wengine walisema analishwa na majini. Wengine walisema mpishi hushiba harufu. Imamu wetu, mzee mpole aliyependa kuwawazia watu mema, alisema msikitini kwamba mtu yule hufunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima, na kwamba vijana wangefaa kumwiga. Baada ya hapo watu walimsalimu kwa adabu mpya. Kwa sababu hiyo pia ndiye aliyepewa kila mwaka kupika pilau ya Maulidi. Masufuria makubwa yalitoka msikitini yakabebwa hadi uani kwake, naye siku ile, siku ile peke yake, alivaa kanzu kupikia. Nilimshonea mimi. Alisimama mbele ya moto na kanzu nyeupe, jasho linamtiririka, wala haikupata doa. Sijamwona akiwa na furaha kuliko siku hizo.

Niliwahi kumwuliza kwa nini hali mbele za watu. Alifikiri, akitazama miguu yangu.

"Wakiniona nakula," alisema, "watatazama nakula nini, nao watataka hicho hicho."

Sasa nije kwenye Ramadhani.

Mwezi mtukufu mikahawa hufungwa mchana, na huo ndio mwendo. Lakini barabara haifungi. Malori ya Kilwa na ya Dar es Salaam yalipita kama kawaida, na msafiri ameruhusiwa kula, atalipa siku zake baadaye. Mpishi alikubaliana na Imamu: mbele pafungwe, jiko lisitoe moshi barabarani, na nyuma ya banda litundikwe jamvi kuukuu la ukindu. Nyuma ya jamvi hilo wasafiri wangekula bila kuwatamanisha waliofunga. Imamu aliweka sharti moja, akalisema mbele ya wazee: mwenyeji yeyote asipite kula nyuma ya jamvi lile. Akipita, Mpishi atakuwa mshirika wake katika dhambi.

Basi Mpishi akawa bawabu. Alisimama kwenye jamvi, akauliza kila aliyekuja, "Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

Kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha huitwa kobe, maana huingiza kichwa ndani akiona watu. Na makobe hawakosekani. Vijana wa Kibiti walijaribu kupita, tena jibu lao lilikuwa moja: "Natoka Kilwa." Wasingeweza kusema wametoka Dar es Salaam, kwa kuwa lori la huko watu wote huliona likishusha, lakini wanaotoka Kilwa mara nyingine huachwa ng'ambo na lori lililokwama, wakavuka mto kwa mtumbwi na kutembea. Mpishi alitazama miguu. Anayetoka ng'ambo ana tope la mtoni, la kijivu, limekauka hadi magotini. Asiye nalo alirudishwa bila kelele.

Habari ikaenea, na vijana wakaanza kujipaka. Mmoja wao, mtoto wa jirani yangu, kijana mwenye ndevu tayari, alikuja amejipaka vizuri hadi magotini, akasema kwa sauti ya uchovu, "Natoka Kilwa, mzee wangu, hoi bin taabani." Mpishi akamtazama miguu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Udongo ulikuwa mwekundu, wa nyuma ya nyumba yao. Kijana alikwenda kuchimba palepale anapochimba mama yake udongo wa kukandika ukuta.

"Kilwa umeipitia uani kwenu?" Mpishi akamwuliza. "Nenda ukamsaidie mama yako kukandika. Magharibi ikifika, njoo ufuturu uji kwangu."

Na magharibi alimpa uji, na maandazi juu.

Mimi nilicheka sana siku ile. Nilicheka kwa sababu nilikuwa bado mzima.

Mwaka uliofuata tumbo langu lilishikwa. Lilianza kama moto mdogo chini ya kifua, kisha likawa kisu. Dresa wa zahanati, kijana mwenye koti jeupe nililomshonea mwenyewe, alinipa dawa ya unga mweupe, akasema nina kidonda tumboni na nisikae na njaa hata kidogo. Nikamwambia mwezi wa Ramadhani unaandama wiki ile. Akasema mgonjwa ameruhusiwa. Najua ameruhusiwa, hata mtoto wa chuoni anajua. Lakini ugonjwa wangu haukuonekana. Mashavu nilikuwa nayo, mikono ilikuwa na nguvu, nilicheka na kubishana. Nani angesadiki? Wangesema fundi amejikinga na cheti cha Mzungu. Na kwa fundi cherehani, Ramadhani ndiyo mavuno. Kanzu za Idi, nguo za watoto, vitambaa vimepangwa mpaka dari. Nani angempa kobe amshonee kanzu ya kuswalia Idi? Nilikuwa na watoto. Nikaamua kufunga.

Siku ya kwanza nilimaliza. Ya pili nilikunja mgongo juu ya mashine. Ya tatu Mpishi alitoka uani, akanitazama miguu. Nadhani vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kwa maumivu, maana alisimama pale kitambo.

"Nguo za wasafiri zinachanika sana," alisema kwa sauti ya kusikika barazani. "Wanakaa nyuma pale na suruali zimefumuka, aibu. Fundi, ingiza mashine yako ndani."

Tukaibeba wawili, akaiweka nyuma ya jamvi, kwenye pembe. Kisha akaniwekea pembeni sahani ya uji wa mchele, laini lakini mzito wa kuchotwa kwa vidole, hauna pilipili wala ndimu. Hakuniuliza natoka wapi. Nilimtazama nikitaka kueleza habari za dresa, akainua upawa.

"Kula kwanza," akasema.

Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyekula chakula kwa namna niliyokula mimi mwezi ule. Nje barazani walikaa wateja wangu wakingoja nguo, tena hawana la kufanya ila kusikiliza. Mashine ikinyamaza, wangejiuliza fundi anafanya nini huko kwenye chakula. Kwa hiyo nilikanyaga. Miguu ilikwenda, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka bila kitambaa, trrr, trrr, na mkono wa kulia ukapeleka uji mdomoni. Ukijaribu utaona ugumu wake: miguu inataka haraka, koo linataka taratibu. Kila nikisahau kukanyaga kwa sababu ya utamu, nilisikia sauti yake jikoni ikisema chini chini, "Kanyaga, fundi." Nikakanyaga. Kijasho kilinitoka. Nilimeza kabla ya kutafuna. Tumbo lilipoa, lakini moyo ukashika moto badala yake, na usiku niliota jamvi linainuliwa.

Kwa kila siku niliyokula nilitoa kibaba cha mchele kwa maskini, kama ilivyoamriwa. Mpishi ndiye aliyekipeleka, ili nisionekane.

Lilipokaribia kuisha kumi la kwanza, Imamu alikuja kuchukua kanzu yake. Nilimsikia akibisha hodi, akikaa, akiulizana hali na waliokuwapo. Niliongeza mwendo. Mkanda wa mashine ulikuwa mkuukuu, na nilikuwa nimejiahidi kuubadilisha, ukakatika. Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likanyamaza.

"Fundi," Imamu akaita.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa uji.

"Fundi, ku hali gani?"

Nilijaribu kumeza, uji ukagoma. Nikasikia miguu yake inakuja, nikasikia akisema kwa wenzake, kwa huruma, kwamba huenda swaumu imemzidi mtu, tusije tukamkuta ameanguka. Mzee wa watu alikuja kwa wema. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba katika habari hii hakuna mbaya hata mmoja. Nikainama chini ya mashine kuutafuta mkanda, uso sakafuni, na nilipokuwa nikiinama niliona miguu ya Mpishi ikitoka jikoni. Sikuwahi kuiona ikienda haraka. Sahani ikaondoka mbele yangu. Jamvi likainuliwa.

Mpishi alikuwa amesimama katikati, sahani yangu mkono wa kushoto, na mkono wake wa kulia unatoka kwenye uji kwenda mdomoni. Akala. Mbele ya Imamu na wote waliochungulia nyuma yake, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila alijaza mdomo, akameza, akachota tena.

"Na wewe, Mpishi?" Imamu alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Mpishi alitazama miguu ya Imamu. Imamu akaliachia jamvi likaanguka.

Nilipoinuka na mkanda mkononi mdomo wangu ulikuwa mtupu. Nikamwambia ninatoka kwenda kusema. Akanishika bega.

"Kaa. Mie siku hii nitailipa Shawali, imekwisha. Weye jina lako ungelilipa mwezi gani?"

"Na la kwako?"

"La kwangu limepikwa zamani," akasema. "Halitaungua leo."

Liliungua. Uji wake wa futari haukupata mnunuzi mwezi ule, aliumwaga kwa kuku. Watoto walimpigia kelele barabarani, "Kobe, kobe, toa kichwa." Alipita akitazama miguu yao. Yule kijana wa udongo mwekundu ndiye aliyecheka kuliko wote, na hapo nilitamani kumchoma sindano. Watu walikumbushana: ndiyo maana hakuna aliyemwona akila, alikuwa akila kwa siri, miaka yote, na Jumatatu zake, na Alhamisi zake.

Idi ilipopita sikuweza kustahimili tena. Nilikwenda kwa Imamu nyumbani kwake, nikamweleza yote: kidonda, dresa, uji, mashine isiyo na kitambaa. Alinisikiliza hadi mwisho, macho yamelowa. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Wema wako ni mkubwa, fundi," alisema. "Lakini usimbebee mtu dhambi yake. Mimi nilimwona kwa macho yangu haya mawili."

Nikaapa. Akasema nisiape kwa ajili ya urafiki. Na Ijumaa iliyofuata, bila kututaja, alihutubia juu ya mja anayetaka kumsitiri mwenziwe hata kwa kujisingizia. Watu wakageuka kunitazama. Nilipewa nguo nyingi kuliko wakati wowote. Nilizishona kwa hasira, na mishono ilikuwa mizuri.

Maulidi yalipofika masufuria yalibebwa, hayakuletwa uani kwetu. Yalikwenda kwa mpishi mwingine, aliyeletwa kutoka Bungu. Kanzu ya kupikia nilikuwa nimekwisha kuishona, imekunjwa kwenye meza ya mashine. Mpishi aliipapasa pindo, akasema, "Mshono mzuri," akarudi jikoni. Kule msikitini pilau iliungua chini na kuwa mbichi juu, na mimi niliila kwa furaha mbaya. Yeye alikaa karibu na mlango, sahani mbele yake haijaguswa, akiwatazama watu wanavyotafuna.

Aliendelea kupika miaka mingine. Malori hayakuwa na habari za kobe. Benchi lilibaki na mguu wake mfupi. Dresa alihamishwa, lakini alikuwa amenipa dawa iliyonifaa, na baada ya muda nikaweza kufunga tena kama watu. Kisha miguu ya Mpishi, yeye aliyesoma miguu ya watu, ikaanza kuvimba. Alifunga mkahawa, akanipa jamvi, maana lilikuwa nusu langu, akaenda kukaa Mahege kwa binti wa ndugu yake.

Nilimfuata huko Ramadhani ya mwisho ya uhai wake. Binti alinipokea uani na uso wa kukosa usingizi. Dresa mpya alikuwa amempa vidonge vya kumeza na chakula asubuhi na mchana, lakini yeye hakubali kula mchana, na vidonge juu ya tumbo tupu vinamtapisha. Anadhoofika, na kila akisihiwa anasema neno moja.

"Anasema walimwita kobe alipokuwa mzima," binti alinieleza, "hataki wamzike na jina hilo. Nyumba haina mlango wa maana, watu wanaingia na kutoka kumjulia hali. Mimi nifanyeje, fundi?"

Niliingia. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, macho yamezama. Akatazama kandambili zangu, akasema, "Fundi." Tulizungumza mambo ya Kibiti. Sikumgusia chakula. Nilirudi kwangu nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo tangu siku ya mkanda, hofu kwamba nitachelewa.

Kesho yake nikaondoka na lori la asubuhi, jamvi limekunjwa begani na chakula ndani ya kikapu. Nilimwomba mke wangu apike wali wa nazi na kambale, na nikamwomba aache sufuria ishike chini. Nilipofika nikatundika jamvi mlangoni mwa chumba. Binti alilitazama, akanitazama mimi. Alichukua mchi, akakaa uani kwenye kinu, akaanza kutwanga mpunga, du, du, du, kwa nguvu, kama anayetaka Mahege nzima isikie kwamba kuna kazi tu inafanyika.

Nikamwinua Mpishi, nikamkalisha, mto mgongoni. Nikasimama kwenye jamvi pale alipokuwa akisimama yeye.

"Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza naamini aliitazama sura yangu. Nilidhani amekasirika.

"Natoka Kilwa," akasema.

Nikatazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, inang'aa, safi kabisa, haijakanyaga chini siku nyingi. Niliitazama muda mrefu, kama ilivyo desturi.

"Umetoka mbali, mzee wangu," nikamwambia. "Karibu."

Nikamwekea sahani, na kando yake ukoko juu ya jani la mgomba. Alianza na ukoko. Aliuvunja, akautia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole, mbele yangu, bila haraka wala kujificha. Kisha akachota wali, kisha samaki. Nje kinu kilikuwa kinalia. Mimi nilisimama na roho mkononi, nikisikiliza nyayo za watu uani, nikimhesabia kila tonge linaloshuka.

Akasimamisha mkono, akakunja uso.

"Samaki huyu hana ndimu," alisema.

"Kula kwanza," nikamjibu. "Manung'uniko hayapoi."